Kuchaji gari la umeme ukilala gesti Tanga

Usiwaze chaja kubwa. Soketi ya pini tatu inatosha kwa usiku mmoja. Chaja ya mkononi ikiwekwa ampea 10 kwenye volti 230 inakula kama uniti 2.3 za LUKU kwa saa. Saa nane ni uniti 18 na kidogo, na kwa gari dogo kama Nissan Leaf hizo ni takriban kilomita 100. Mwombe mwenye gesti namba ya mita, umnunulie uniti 20 kabla hujachomeka. Ukifanya hivyo, hamtabishana asubuhi.

Kinachoharibu kazi ni soketi yenyewe. Hewa ya bahari hapa inakula shaba: ukimulika tochi kwenye matundu ukaona ukijani, au plagi inacheza, tafuta soketi nyingine. Mguso mbovu huzaa joto, na joto huyeyusha plastiki. Baada ya nusu saa shika plagi. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, zima swichi kwanza ndipo uchomoe, kisha hamia soketi nyingine iliyo nzima na ushushe chaja hadi ampea 6.

Ekstensheni iwe ya waya wa milimita 2.5 za mraba, na uikunjue yote, maana ikibaki imeviringishwa inajipika yenyewe.

Na tafadhali, waya wa kuchajia wa Kijapani uliokuja na gari usifungiwe plagi ya pini tatu. Nyingi huvuta ampea 15, na plagi hiyo mwisho wake ni 13.