Jinsi ya kushona gauni la harusi la Ann Lowe, lile la 1953

Gauni alilovaa Jacqueline Bouvier akiolewa na John F. Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, kule Newport, Septemba 12, 1953, mabibi harusi mpaka leo wanakuja na picha yake kwenye simu, ila uliza nani kalishona, kimya. Ni Ann Lowe, fundi mweusi wa Alabama, ushonaji kaupata kwa mama na bibi yake. Haya tushone.

1. Kitambaa. Yeye alitumia tafeta (kitambaa kikakamavu kinachong'aa) ya hariri, rangi ya maziwa, kama yadi 50. Mi natumia mita 15, ya poliesta inatosha kujifunzia. Ongeza amerikani ya kufanyia majaribio na neti ya gagulo, ile sketi ya ndani.

2. Kata kifua kwa amerikani kwanza, mpimishe mvaaji. Shingo ni pana, inakaa ukingoni mwa mabega, ikilegea pale basi tena.

3. Mikanda ya kifuani, hapa ndo penyewe, usiwe na haraka. Kata vipande vya mshazari upana sentimita 8, kila kimoja shona vikunjo vitatu vya nusu sentimita (kila kikunjo kinakula sentimita nzima, watu wengi wanasahau hesabu hii halafu kitambaa kinapungua), kunja kingo, unabaki na mkanda wa sentimita 4. Sasa ipange juu ya kifua, mingine kutoka kulia mingine kushoto, pitisha juu, pitisha chini, kama unasuka ukili, piga bandi kisha shikiza kwa mkono, mashine itaiponda. Mi kifua tu kilinichukua siku nne!

4. Sketi. Chora duara kubwa kwa sinia, zungusha mikanda ileile kuanzia nje kuja ndani, kila mzunguko ufunike ukingo wa uliotangulia.

5. Pasi kavu, usinyunyize maji kabisa, hariri ya tafeta ikipata tone tu inabaki na doa. Ndo maana bomba lilipopasuka kwenye karakana yake New York siku kumi kabla ya harusi, kazi ya miezi miwili ikaisha palepale, gauni la bibi harusi na mengi ya wapambe. Akanunua kitambaa upya, wakashona usiku na mchana, likafika kwa wakati, hasara ya dola 2,200 akaibeba mwenyewe na familia ile hakuiambia kitu. Ukiwa umefika hatua ya 3 na mgongo unauma utaelewa nasema nini.

6. Vimaua vya nta vishikize baada ya pasi, visiyeyuke.

7. Lebo. Gauni la mwigizaji Olivia de Havilland la tuzo za Oscar za 1947 alilibuni Ann Lowe lakini ndani liliandikwa Sonia Rosenberg, jina la lebo aliyokuwa akiishonea. Kwahiyo chukua utepe wa pamba, darizi ANN LOWE kwa uzi mweusi, shonea ndani kiunoni, mshono mara mbili usibanduke.