Kutambua kangaga: anza na gamba, malizia na jeni

Nilipoanza kukusanya kangaga katika misitu ya Usambara, mmea mmoja ulinikosesha. Ulikuwa umening'inia kwenye tawi lenye unyevu, vifuko vyake vya spora (chembe ndogo ambazo kangaga huzaana kwazo) vimekaa ndani ya vikombe vidogo kwenye ncha za jani. Nikaandika Davallia, jenasi (kundi la spishi zenye undugu) mojawapo ya kangaga. Kumbe ni Asplenium theciferum! Hata wataalamu waliwahi kuutenga katika jenasi yake, Loxoscaphe, mpaka jeni zikaonyesha kuwa uko ndani ya Asplenium. Na gamba, kile kigamba chembamba kinachofunika shina, lilikuwa likisema hivyo muda wote.

Basi anza na gamba. Ling'oe kwa kibano pale kikonyo kinapotoka kwenye shina, liweke kwenye tone la maji juu ya kioo, funika, tazama kwa hadubini ukikuza mara 100. Gamba la Asplenium ni kama wavu wa dirishani: kuta za seli nene na nyeusi, katikati mwanga unapita. La Davallia halina wavu huo, tena limeshikizwa katikati kama ngao. Kisha kata kikonyo kwa wembe mpya. Kwenye Asplenium, chini utakuta mishipa miwili; ukikata juu zaidi, imeungana kama herufi X.

Usiishie hapo. Vittaria, kangaga nyembamba kama nyasi, nayo ina gamba la wavu. Ni jeni ya rbcL, iliyomo kwenye kloroplasti (vijisehemu vya kijani vya seli), iliyofichua kwamba jamaa zake wa karibu ni Adiantum, wasiofanana nayo hata kidogo. Ndiyo maana majina ya familia nayachukua kwenye mpangilio wa PPG (Pteridophyte Phylogeny Group, kundi la wataalamu wa kangaga) wa 2016, uliofuata nasaba.

Kwa vinasaba (DNA), kata kipande cha jani changa kisicho na madoa, kiasi cha stempu, ukitie kwenye silika jeli, chembe zinazofyonza unyevu, siku ileile. Msimu wangu wa kwanza mvua haikukatika, nikakausha kila kitu juu ya jiko la mkaa. Majani yalipendeza, ila vinasaba vilikuwa vimekatikakatika, havisomeki. Safari nzima ikapotea. Inaniuma mpaka leo.

Sasa spora, kazi ninayoipenda kuliko zote. Tafuta kifuko kilichokomaa ambacho hakijapasuka, kifungue kwa sindano, uhesabu bila haraka. Kwa kawaida ni 64. Ukipata 32, kubwa na nzima, kama za Asplenium monanthes, huo huenda ni mmea unaozaana bila utungisho. Zikiwa zimesinyaa na kupishana ukubwa, shuku chotara. Hapo rbcL peke yake itakupotosha, kwani kloroplasti hurithiwa kwa mama, na chotara atasomeka kama mama yake mtupu. Omba isomwe pia jeni ya kwenye kiini cha seli.

Hesabu ya spora iandike kwenye lebo ya mmea uliokaushwa, na namba yake iwe ileile iliyo kwenye pakiti ya silika.