Kuosha Gari na Kulinda Rangi Yake Katika Vumbi la Dodoma

Mtu akiniletea gari na kulalamika kwamba vumbi limeua rangi, kwanza namuuliza huwa analifutaje asubuhi. Jibu karibu siku zote ni moja: kitambaa kikavu, chapchap, kabla ya kuwahi kazini Mtumba. Hapo ndipo rangi ilipoumia. Vumbi lililotulia juu ya boneti halikwaruzi kitu. Linakwaruza pale mkono unapolisukuma, maana ndani yake mna chembe za mchanga ngumu kuliko klia. Na klia, lile tabaka la juu linalong'aa, kwa magari mengi ina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu, pungufu ya karatasi ya daftari. Ikilika, hairudi.

Miaka yangu ya mwanzo nililipangusa gari jeusi la mzee mmoja wa Area C kwa fulana kuukuu, nikitaka alikute safi. Jioni jua lilipolimulika kwa ubavu, boneti nzima ilijaa vimistari vya mviringo kama utando wa buibui. Nililipolishi siku mbili bila kumdai hata shilingi. Tangu siku hiyo sipangusi gari kavu.

Andaa ndoo mbili za lita 20, glavu ya kuoshea ya maikrofaiba (kitambaa laini cha nyuzi nyembamba sana), taulo tatu za maikrofaiba, shampuu ya gari na nta. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye nguo, ni kali na inaondoa nta yote. Anza saa 12 na nusu asubuhi, kivulini, boneti ikiwa ya baridi. Kiangazi chetu kina upepo, na ukichelewa utakuwa unaosha huku vumbi jipya linatua.

Hatua ya 1: Suuza bila kugusa. Mwagia maji kuanzia juu ya paa kushuka chini, mpaka yanayodondoka yasiwe na wekundu. Kama maji ni ya mgao, tumia pampu ya mkono ya kupulizia, ile mpya ambayo haijawahi kutiwa dawa ya mimea. Usiifupishe hatua hii. Kila chembe inayoondoka na maji ni mkwaruzo uliouepuka.

Hatua ya 2: Osha kwa ndoo mbili. Moja ina shampuu, nyingine maji matupu. Chovya glavu kwenye shampuu, osha sehemu moja, isuuze glavu kwenye maji matupu, ndipo urudi kwenye shampuu. Mkono uende mbele na nyuma, usizunguke. Milango kwa chini na bampa viwe vya mwisho, maana ndiko mchanga ulikojaa. Rimu zina kitambaa chake.

Hatua ya 3: Kausha mara moja. Hapa Dodoma hatua hii ina uzito kuliko mahali pengi. Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi, na tone likikaukia kwenye rangi maji yanaondoka, chokaa inabaki kama kiduara cheupe. Jua likilipiga, alama hiyo inazama. Kwa hiyo fanya kazi sehemu kwa sehemu, na ukiweza hifadhi lita kumi za maji ya mvua kwa suuzo la mwisho. Tandaza taulo, livute taratibu, usikandamize. Alama ambazo zimeshakaa, changanya siki na maji nusu kwa nusu, pakaa kivulini, subiri kama dakika moja, suuza vizuri. Siki hiyo inaondoa nta pia, kwa hiyo paka tena sehemu hiyo.

Hatua ya 4: Papasa rangi. Vaa mfuko laini wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya boneti. Ukisikia vipunjepunje, kuna uchafu ulionasa ambao shampuu haiutoi. Unatolewa kwa udongo maalumu, mafundi tunauita klei, unaoteleza juu ya rangi iliyolowa shampuu. Klei ikidondoka chini, itupe, hata kama ni mpya. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha.

Hatua ya 5: Paka nta. Mimi napenda ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii moja na minazi na mitende, ingawa za kisasa za kutengenezwa kiwandani hudumu zaidi. Paka nyembamba mno. Nta nene haikulindi zaidi, inakuchosha kuifuta. Ikififia kama ukungu, ifute kwa taulo safi. Gari lililotoka kupigwa rangi upya lisubiri, siku 30 hadi 90 kutegemea rangi, muulize aliyepiga. Rangi iliyotengenezwa kiwandani isiwe na mng'ao usiipake nta kabisa.

Mwagia kikombe cha maji juu ya boneti kila baada ya wiki chache. Yakijikusanya vidonge, nta bado ipo. Yakitanda kama kwenye sahani, paka tena. Kwa jua letu mimi sivushi miezi miwili.

Na kama unaegesha chini ya mwarobaini, kinyesi cha ndege usikingoje Jumamosi. Kinachoma klia kwenye joto. Lowesha kitambaa, kilaze juu yake dakika tano, kisha kiinue bila kusugua.