Kabla Hujaomba Kazi ya Ukutubi wa Watoto

Karibu kila anayekuja kuniuliza kuhusu kazi hii huanza na maneno yaleyale: "Mimi napenda sana vitabu." Nami humjibu kwamba mpenda vitabu hupenda pia kuachwa navyo kimya, na kwenye sehemu ya watoto ya maktaba huachwi wala hakuna kimya. Wa pili huja na jingine: "Napenda watoto." Watoto gani? Mpwa wako mmoja, aliyeoga na kushiba, si sawa na watoto ishirini na watano wasiokujua, ambao mmoja wao analia, wawili wanavutana kitabu na mwingine amepanda juu ya rafu.

Mimi nina kipimo kimoja ambacho nakiamini kuliko vyeti: ukikatizwa unakuwaje? Uko kaunta unajaza orodha ya vitabu vya kuagiza, na bosi anaitaka leo. Msichana wa miaka saba anakuja kukwambia jino lake limeng'oka. Analo mfukoni, limefungwa kwenye kipande cha karatasi, na anakifungua polepole ili ulione. Unalisifu. Unarudi kwenye orodha. Anarudi kuuliza choo kiko wapi. Kisha anarudi kukwambia kwamba jino lenyewe limeanguka chooni. Kama ile safari ya tatu bado unaiona ni sehemu ya kazi, una dalili nzuri. Kama unaiona imekuharibia kazi, hujakosea kupenda vitabu, ila yako labda ni kule kwenye nyaraka, ambako pia wanahitajika watu makini.

Usikisie mambo haya ukiwa nyumbani. Nenda maktaba yenye sehemu ya watoto, jitambulishe, omba kukaa siku mbili tatu au kujitolea. Omba ruhusa kwanza, maana mtu mzima asiye na mtoto akikaa peke yake kwenye kona ya watoto lazima aulizwe, na mkutubi asiyemuuliza hafanyi kazi yake. Nenda mchana shule zinapofunga, na ukiweza, nenda wakati wa likizo. Mtazame mkutubi. Utamwona anapanga viti, anapuliza puto, anafuta kilichomwagika, anarekebisha printa, anamtuliza mzazi. Kusoma kwa raha zake hutamwona. Hivyo vitabu anavisoma usiku, kwa muda wake.

Jambo ninaloona watu wanalipuuza ni sanaa ya kuulizwa. Mtoto hajui kuuliza anachokitaka, na si kosa lake. Atakwambia "nataka vitabu vya mbwa", nawe ukimpeleka kwenye rafu moja tu umeshapoteza nusu ya jibu. Kwenye maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba kufuata mada, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1876, ufugaji wa mbwa uko 636.7, hadithi ya mbwa aliyepotea iko kwenye hadithi za kubuni, na ngano ya mbwa na fisi iko 398.2. Kwa hiyo unachuchumaa, unamuuliza: unataka hadithi, au unataka kujua mbwa anatunzwaje? Hapo ndipo anapokwambia kwamba nyumbani wamekataa kufuga mbwa na yeye anatafuta hoja. Sasa unajua pa kwenda.

Wapo pia wa "kile cha bluu nilichosoma zamani", na zamani ni wiki iliyopita. Na wapo wazazi wanaouliza kwa niaba ya mtoto aliyesimama palepale. Jizoeze kumsikiliza mzazi huku macho na swali ukivielekeza kwa mtoto. Ni adabu ngumu kidogo, hasa ikiwa ulilelewa ukijua kwamba wakubwa wakizungumza, mtoto hunyamaza.

Halafu jiulize unasoma nini sasa, maana ulichosoma ukiwa mdogo kimeshapitwa. Miongozo ya IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, inamhesabu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 18. Katikati ya namba hizo mbili kuna vitabu vya karatasi nene ambavyo wasomaji wake huvitafuna, vitabu vya picha, vya wanaoanza kuunganisha silabi, katuni, vitabu vya sayansi, na riwaya za vijana zenye mambo yatakayokufanya ushtuke. Kabla hujaomba kazi, soma hamsini kati yake, kila rika. Andika mstari mmoja kwa kila kitabu: kinamfaa nani? Ukishindwa kumpata mtu hata mmoja, soma tena. Mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan, mwaka 1931, aliweka kanuni tano za ukutubi, na mbili kati yake ni hizi: kila msomaji apate kitabu chake, na kila kitabu kipate msomaji wake. Kanuni hiyo ya pili ndiyo itakayokutesa. Ina maana kwamba kile kitabu cha vichekesho vya kujamba unachokidharau kina mwenyewe, naye anakuja saa tisa, na hutakiwi kukunja uso unapomkabidhi.

Sauti yako je? Chukua kitabu cha picha, kishike pembeni ya bega lako ili picha zikabili watazamaji, usome kwa jicho la pembeni, ugeuze kurasa kutoka chini bila mkono kuziba picha. Jirekodi kwa simu. Wengi tukijisikia mara ya kwanza tunagundua tunakimbia. Soma tena polepole kuliko unavyodhani inafaa, kisha punguza zaidi. Kuimba vizuri si lazima, ila kuimba bila aibu ni lazima, na kuruka kama chura mbele ya akina baba waliosimama mlangoni wamekunja mikono ni lazima pia. Pura Belpré, aliyeanza kazi katika maktaba ya umma ya New York mwaka 1921, alisimulia hadithi kwa Kihispania na Kiingereza na akatumia vikaragosi vya mkononi. Angalia una lugha gani mdomoni, usiione ni mapambo. Mtoto akisikia lugha ya nyumbani kwao pale maktaba, husogea mbele.

Na uwe tayari saa ya hadithi kuharibika. Mara yangu ya kwanza niliandaa hadithi tatu ndefu kwa watoto wa miaka miwili. Nilipofika ukurasa wa nne wa ile ya kwanza, nusu yao walikuwa wananipa mgongo, wakicheza na kamba za viatu vyangu na viatu vya mama zao. Mkutubi mwenzangu akaingia na wimbo wa vidole, wote wakageuka. Tangu siku hiyo sipangi kwa rika hilo kitu kinachozidi dakika tatu bila mikono kufanya kazi.

Sasa upande usiopendeza. Utachunguzwa rekodi yako kabla ya kuaminiwa karibu na watoto, na utapewa taratibu za ulinzi: kutojifungia chumbani na mtoto, kutompeleka nyumbani kwa gari lako hata mvua ikinyesha, kutoa taarifa kwa anayehusika ukiona alama mwilini mwake au ukisikia neno lisilo la kawaida. Je, utaweza kutoa taarifa hiyo hata kama mzazi ni mtu unayesalimiana naye kila siku? Je, utaweza kubaki na mtoto asiyechukuliwa saa ya kufunga, ukiwa na mwenzako, bila kumwonyesha hasira unayomwonea mzazi? Yupo pia mama atakayetaka kujua binti yake wa miaka kumi na tano ameazima nini. Kila maktaba ina sheria yake kuhusu siri ya msomaji. Uliza mapema, uijue kwa moyo, maana siku hiyo hutapata muda wa kufungua faili.

Malalamiko nayo yapo. Atakuja mtu na kitabu mkononi, kidole kikiwa kwenye ukurasa, akitaka kiondolewe leo. Usibishane, wala usikiondoe. Unamsikiliza, unampa fomu, unafuata sera ya uteuzi wa vitabu iliyoandikwa. Kama maktaba unayoomba kazi haina sera hiyo kwa maandishi, hilo ni swali zuri la kuwauliza wao kwenye usaili.

Karatasi hutofautiana nchi hadi nchi. Kwingine stashahada ya ukutubi inatosha kuanzia, kwingine, kama Marekani, nafasi nyingi za mkutubi kamili hutaka shahada ya uzamili. Jella Lepman, aliyefungua maktaba ya kimataifa ya vijana mjini Munich mwaka 1949, alikuwa mwandishi wa habari. Lakini usitegemee mlango huo, enzi zile zilikuwa enzi zile. Njia iliyo salama ni kuanza kama msaidizi wa maktaba, kisha kusoma ukiwa kazini. Mshahara si wa kutajirika, na zamu za jioni na Jumamosi zipo. Likizo ya shule, wenzako wanaposafiri, wewe ndipo unapozidiwa. Kaa na watu wa nyumbani mwako mlizungumze hilo.

Magoti yako yaangalie pia. Rafu za watoto ziko chini, nawe utakuwa chini siku nzima. Mafua yao yote utayapata mwaka wa kwanza.

Ukifika kwenye usaili, wengi watakuomba usome kitabu cha picha mbele yao kana kwamba wao ni watoto. Nenda na ulichokizoea. Watakupa kiti cha watu wazima. Uliza kama unaweza kukaa kwenye mkeka.