Hisabati ya SAT na kaunta buku la mdogo wangu

Mdogo wangu ana A ya hisabati ya kidato cha sita, lakini jaribio lake la kwanza la hisabati ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani, alipata 560 kati ya 800. Alinuna siku mbili. Nilipomkalisha tupitie alichokosa, la kwanza lilikuwa hivi: ikiwa 3x + 5 = 20, tafuta 6x + 10. Akapata x ni 5, akabonyeza 5. Wenzake wanazidisha pande zote kwa 2, wanapata 40, wanasonga mbele.

Shuleni angeambulia maksi za njia. Huku hakuna anayeiangalia njia yako. Kwa hiyo anza na sentensi ya mwisho ya swali, uandike kwenye karatasi unachoulizwa kabla hujashika hesabu.

Kisha tukafungua kaunta buku la makosa. Kila kosa: swali, alichofanya, sababu. Nilimkataza kuandika "uzembe", maana uzembe hautibiki. Aandike "nilisahau hasi nilipofungua mabano". Hiyo hasi ilijitokeza mara 11 ndani ya wiki mbili! Tukaacha jiometri yote, tukafungua mabano jioni tatu mfululizo.

Jumamosi asubuhi alifanya jaribio zima kwenye Bluebook, programu ya bure ya College Board, wenye mtihani wa SAT, simu ikiwa chumbani kwa mama. Hisabati ina sehemu mbili, kila moja maswali 22 kwa dakika 35. Ukifanya vizuri ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi, na alama kubwa ziko huko. Usiikimbie ile ya kwanza.

Jifunze pia kikokotoo cha Desmos kilichomo humo humo. Ukiulizwa y = x² − 6x + 11 inakutana wapi na y = 2, andika zote mbili, kikichora grafu zake uguse zinapogusana: x ni 3. Ila kwa 15% ya 80 usikifungue, unapoteza muda.

Kwenye maswali ya kujaza jibu, tatu na nusu iandike 7/2 au 3.5. Ukiandika 31/2, mashine inasoma thelathini na moja juu ya mbili.

Dakika 2 za mwisho jaza yote yaliyobaki, hata kwa kubahatisha, kwani kukosa hakukatwi alama.

Usiku wa kuamkia mtihani alisoma kaunta buku tu, akachaji kompyuta, akalala saa tatu usiku.