Kabla hujaja kuchukua sungura kwangu Uyole, Mbeya

Wiki hizi simu haziishi, watu wa Mwanjelwa, Mbalizi, mmoja mpaka Mafinga anataka sungura, na nafurahi kweli maana hapa nyumbani wako kumi na saba, ila naombeni kabla hujapanda daladala kuja tuelewane kwanza. Hawa sio wa kitoweo wala wa kuzalisha. Wengi ni wale waliobaki baada ya watu kuambiwa nunua banda, fuga, tutakuja kununua wenyewe, wanunuzi wakapotea, mtu akachoka kulisha akafungua mlango wakajitafutie. Yule jike mweupe nilimtoa chini ya ngazi za duka masikio yameziba kwa ukoko hata kuyainua hawezi, nimehangaika naye miezi miwili, siwezi kumtoa tu ilimradi katoka.

Cha kwanza jiulize utakuwa wapi miaka 8 au 10 ijayo, maana sungura akitunzwa anafika huko na wengine wanapitiliza. Mtoto aliyeko darasa la tatu leo atamaliza kidato cha nne sungura bado yupo, kwa hiyo usiseme namchukulia mtoto, sema namchukua mimi.

Banda liwepo kabla yake, sio aje akae kwenye boksi huku fundi anatafutwa. Baridi yetu ya mwezi wa 6 na wa 7 anaistahimili vizuri tu kama ni kukavu, kinachomuua ni upepo na unyevu, kwa hiyo watu wa Tukuyu na mvua zenu bati literemke mbele na mlango usitazame upepo unakotokea. Sakafu isiwe wavu mtupu, inamtoboa nyayo, weka ubao na nyasi kavu. Halafu inama mpaka usawa wa pua yake unuse, kama mkojo unakuwasha macho ujue yeye mapafu yanaungua.

Chakula ndo wengi mnakosea. Pumba na kabichi za kuokota sokoni sio chakula chake, kabichi nyingi inamjaza gesi na sungura hawezi kutapika. Anatakiwa nyasi, nyasi, nyasi, mchana na usiku, kwasababu meno yake hayaachi kuota na nyasi ndo zinayasaga. Matembele sawa, majani ya karoti sawa, matete sawa. Ila sisi huku kila ua una mparachichi na kila shamba lina viazi mviringo, sasa sikia, majani ya parachichi ni sumu kwake, ya viazi mviringo na nyanya pia usimpe, hata akikuangalia vipi.

Utamuona asubuhi anainama anakula kinyesi chake laini, usimfukuze, ndivyo anavyopata virutubisho.

Natoa wawili wawili, waliokwisha kuzoeana, mpweke ananyong'onyea. Ukiwa na jike kwako usije kuchukua dume ukawachanganya tu, mimba ni siku 31 na akizaa leo anaweza kushika tena leo leo. Dume ahasiwe na daktari wa mifugo, na hata baada ya hapo kaa wiki 6 ndo uwaunganishe.

Namba ya huyo daktari uwe nayo mapema. Sungura asipokula kuanzia asubuhi mpaka jioni hiyo ni dharura, sio ya kusubiri kesho, tumbo linasimama anakufa. Na jamani amoksilini ya kunywa mliyobakiza ndani msimpe, inaua bakteria wazuri wa tumboni, nilimpoteza mmoja hivyo kabla sijajua na mpaka leo inaniuma.

Watatu hawatoki, msiwaombe. Kuna mzee kipofu, kuna mwenye meno yaliyopinda yanayokatwa kila baada ya wiki chache, na huyo mweupe nadhani atabaki, akisikia mguu wa mgeni bado anajibanza kwenye kona anatetemeka. Hao watazeekea hapa.

Ukija beba boksi gumu lenye matundu na nyasi ndani, usimning'inize kwa masikio, shika kifua na makalio. Wa Mafinga panda basi la asubuhi kukiwa bado na ubaridi, akae miguuni kwako sio kwenye buti. Ikishindikana huko mbele usimwachie mlango, nipigie, nafasi yake haijajazwa.