Kuzungusha wanga: usitishwe na mizani

Kuzungusha wanga ni kula wanga mwingi siku za mazoezi mazito na kidogo siku za kupumzika. Ukiwa na uzito wa kilo 80, siku ya mazoezi ya miguu au mgongo kula wanga gramu 320 hadi 400. Siku ya kupumzika shusha hadi 120 au 160. Protini isiguswe, gramu 130 hadi 160 kila siku. Mchele upime ukiwa mbichi: gramu 100 zina wanga karibu 78, ukishaiva umekunywa maji na hesabu huvurugika. Siku ya wanga mwingi punguza mafuta, maana hapo ndipo wengi huzidisha kalori bila kujua. Kesho yake mizani ikipanda kilo moja, usikate chakula: kila gramu ya glaikojeni (wanga uliohifadhiwa mwilini) hushika maji gramu 3 hivi. Linganisha wastani wa uzito wa wiki kwa wiki.